Hedifoni na Sikio la Mgeni

Kila Jumamosi asubuhi Lornah alikuwa na kazi tatu: kupanga vyungu kando ya barabara ya kwenda Busia, kuvigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, na kumtafuta mtu wa kunywa maji. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomfurahisha kuliko zote.

Mama yake, Seline, aliuza vyungu katika soko la Otonglo, nje kidogo ya Kisumu. Chungu kilichogongwa kikalia vizuri kiliwekwa mbele, na kilichotoa sauti ya mtu mwenye mafua kilirudishwa nyuma, kwa kuwa kilikuwa na ufa. Mtungi mpya nao ulikuwa na utaratibu wake. Ulijazwa maji, yakakaa siku mbili, yakamwagwa, yakatiwa mengine, hadi ile ladha ya udongo iishe. Lakini Mama hakumruhusu mtu wa nyumbani aseme kwamba mtungi uko tayari.

"Sisi tumekunywa humu tangu juzi," alikuwa akisema. "Ulimi wetu umeshazoea. Niitie mgeni."

Basi Lornah alimwita yeyote aliyepita. Jumamosi moja alimleta Mzee Opiyo, fundi wa baiskeli. Mzee alikunywa, akafumba jicho moja, akasema, "Mama Lornah, hii ni maji ama ni shamba? Nimemeza nusu eka." Mama alicheka hadi akashika kiuno, kisha akamwaga maji yote na kuanza upya.

Siku za shule Lornah alikuwa mtu mwingine, mtu mwenye cheo. Alikuwa darasa la saba, kiongozi wa sauti ya pili katika kwaya, na muhula ule wa mwaka wa tisini na mbili Mwalimu Absalom alimwongezea cheo kingine: mtunzaji wa hedifoni. Redio ya kaseti ya shule ilikuwa bado inazungusha kanda, ila spika yake ilikuwa imekufa. Joram, kijana aliyesomea pale zamani na sasa anafanya kazi Nairobi, alipopata habari hiyo alituma hedifoni mbili mpya, zile spika ndogo za kuvaa masikioni. Mwalimu alifungua moja akampa Lornah. Ya pili aliiacha katika kasha lake, akaifungia kabatini iwe ya akiba.

Hedifoni zilifika Jumatatu, na kanda ya wimbo wa mashindano ilitarajiwa Jumatano. Lornah hakuweza kungoja. Adhuhuri hiyo hiyo alisikiliza kanda ya zamani peke yake, na alisikia kila kitu: ngoma, kayamba, hata mwimbaji aliyevuta pumzi. Jumanne alitembea na hedifoni shingoni wakati wa mapumziko, ili kila mtu amjue mtunzaji ni nani. Alipoinama kuchota maji katika pipa la mvua nyuma ya darasa, hedifoni ikateleza, chubwi, ikazama.

Aliiopoa upesi, akaipangusa kwa sketi, akaianika juani nyuma ya jiko la shule. Hakuna aliyemwona. Jioni ilikuwa imekauka, lakini alipoivaa, ngoma zilikuwa zimetoweka, na waimbaji walisikika kana kwamba wamefunikwa blanketi. Lornah aliogopa. Akimwambia Mwalimu, cheo kitakwenda, na pengine hata nafasi ya kuongoza sauti ya pili. Akanyamaza.

Jumatano kanda ilifika. Mwalimu Absalom alivaa hedifoni, akakunja uso. "Mbona inakwaruza hivi, na ni mpya?"

Lornah alikumbuka maneno ya Laban, fundi wa redio pale Otonglo, ambaye humwambia kila anayenunua spika aichezeshe wiki nzima ndipo ilegee. "Ni kwa sababu ni mpya, Mwalimu," alisema bila kupepesa macho. "Lazima izoee kwanza. Ni kama mtungi. Tukiisikiliza kila siku itakuwa sawa."

Mwalimu aliwaza kidogo. Hakuwa mjuzi wa vyombo vya umeme, na hoja ya mtungi ilimwingia akilini. "Haya," alisema. "Tuizoeshe."

Ajabu ni kwamba ilizoea. Siku ya tatu Amolo, mvulana wa sauti ya kwanza, alitangaza kwamba sasa sauti imefunguka. Siku ya tano mwanakwaya mwenzake Selpha aliapa kwamba anasikia hata ulimi wa mwimbaji ukigusa meno. Wiki ilipoisha, Mwalimu mwenyewe alisema, "Lornah, ulisema kweli. Hii si ile ya siku ya kwanza." Hata Lornah, aliyejua vizuri mambo ya pipani, alianza kuona kama lile blanketi limepungua unene. Uongo ukipikwa vizuri humshibisha hata mpishi.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa wavuvi wanaovuta wavu. Hakuna aliyekuwa na karatasi yake. Kanda ndiyo iliyowafundisha. Katikati ya ubeti wa pili palikuwa na kimya kirefu, mapigo manane kamili. Kwaya ilipofika hapo ilitulia kama maji mtungini, na Mwalimu alikipenda kimya kile kupita kiasi. "Hapo ndipo tutawamaliza," alisema akiinua kidole. "Wavuvi wamechoka, wanapumua. Sikieni utamu wake."

Ndipo akaja Nakhungu. Baba yake alikuwa akiendesha trekta la miwa huko Muhoroni, na sasa alikuwa amepata kazi Kisumu. Nakhungu aliingia darasa la sita, msichana mrefu, mpole, mwenye sauti nzito, akaomba kujiunga na kwaya. Mwalimu alimpa hedifoni asikilize. Alisikiliza mara mbili, akaivua, akaitazama kwa mshangao.

"Mwalimu, hii ni kama wanaimba ndani ya debe," alisema. "Na pale katikati kuna mtu anaimba chini sana. Maneno sijayapata, lakini yuko."

Kwaya iliangua kicheko. "Hapo ni kimya," alisema Amolo. "Masikio yako bado yamejaa trekta."

"Na ungeisikia wiki iliyopita, kabla haijazoea," akaongeza Selpha.

Nakhungu hakubishana nao. Lakini walipofika kwenye kile kimya, alivumisha sauti nzito, taratibu, na kimya cha Mwalimu kikavunjika vipande vipande. Siku ya pili ikawa vile vile, na ya tatu pia. "Nisamehe, Mwalimu, ndivyo ninavyosikia," alijitetea. Ijumaa Mwalimu alimwita kando. Aliongea kwa upole, ila Lornah alikuwa karibu na alisikia kila neno.

"Mashindano yamebaki majuma mawili, Nakhungu. Sauti unayo, sikio ndilo bado. Labda mwaka ujao."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Nakhungu, akachukua mkoba wake. Hakulia. Alipofika mlangoni alijigusa sikio polepole, kama mtu anayetaka kujua lina kasoro gani. Lornah aliona aibu hadi uso ukamwaka moto. Yeye ndiye aliyejua kwamba sikio lile halikuwa na kasoro yoyote.

Kesho yake, Jumamosi, Mama alikuwa na mtungi mpya uliotiwa maji tangu mapema wiki ile. Lornah alionja. "Huu uko tayari, Mama. Hauna udongo kabisa."

"Wewe umeunywea siku nne," alijibu Mama, akamwita mama mmoja aliyepita na kikapu cha omena, wale dagaa wa ziwani. Mgeni alionja, akatema kando. "Bado udongo, mama," alisema, akaenda zake. Lornah alionja tena, taratibu, na safari hii aliupata udongo ukiwa umejificha nyuma ya ulimi.

"Mama," aliuliza, "kinachobadilika ni mtungi au ni sisi?"

"Vyote viwili, nyathina," alisema Mama, kwa lugha ya nyumbani, kumaanisha mtoto wangu. "Mtungi huacha udongo polepole. Ulimi huusahau udongo upesi. Ndiyo maana naita mtu wa nje. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mtungi wenye ufa ni habari nyingine. Huo hauzoei. Uujaze maji mwaka mzima, bado utavuja tu."

Lornah alikaa juu ya chungu kilichogeuzwa, jambo ambalo Mama hakulikubali kamwe. "Na mgeni akisema kweli, halafu watu wamfukuze?"

Mama aliacha kazi yake akamtazama. "Nani amefukuzwa?"

Basi Lornah alitoa yote, pipa, sketi, Laban, kimya na Nakhungu, huku machozi yakimtiririka. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha alimpangusa uso kwa leso yake na kumwinua kutoka juu ya kile chungu. "Jumatatu utamwambia Mwalimu kwa kinywa chako," alisema. "Mimi sitakwenda kukusemea. Na yule mtoto alichekwa mbele ya watu, kwa hivyo uyaseme mbele ya watu."

Jumatatu Lornah alifika shuleni mapema. Alimwomba Nakhungu afike mazoezini, akasimama mbele ya kwaya, akasema yote bila kupunguza. Alisema aliiangusha hedifoni majini, akadanganya kwamba haijazoea kwa sababu alipenda cheo chake, na kwamba Nakhungu alisikia vizuri kuliko wote. Darasa likawa kimya. Safari hii hakikuwa kimya kitamu hata kidogo.

Mwalimu Absalom aliliendea kabati. Alilifungua, akatoa lile kasha, akaichomeka hedifoni ya pili, ambayo ilikuwa haijachezwa hata dakika moja. Aliivaa, akabonyeza kitufe. Nyusi zake zilipanda, kisha wimbo ulipofika ubeti wa pili alibaki kinywa wazi, akakaa juu ya dawati. Aliwapa mmoja mmoja. Amolo alipofika pale katikati aliruka.

"Kuna mzee huku ndani," alisema. "Anaimba peke yake."

Naam, ilikuwa sauti ya tatu, sauti nzito ya nahodha akiwahimiza wavuvi wasiuachie wavu, mapigo manane kamili, na kwaya nzima ilikuwa ikimfunika kwa kimya kila siku. Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi akavua miwani. "Wavuvi hawakuchoka," alisema. "Tuliolala ni sisi. Na mimi ndiye niliyewaambia usingizi ni mtamu." Kisha alimgeukia Nakhungu. "Nilikwambia sikio ndilo bado. Nimekosa. Ningekuuliza umesikia nini, badala ya kukutoa. Utatuimbia sauti ya tatu?"

"Nitaimba, Mwalimu," alisema Nakhungu, na kwa mara ya kwanza tangu aje shule ile meno yake yalionekana yote.

"Samahani," alisema Amolo. "Trekta lilikuwa masikioni mwangu."

Lornah alipoteza cheo cha utunzaji. Kilikwenda kwa Selpha, ambaye hakupita na hedifoni karibu na pipa, hata kwa umbali wa hatua kumi. Sauti ya pili aliachiwa, kwa sharti kwamba kila adhuhuri amfundishe Nakhungu maneno ya wimbo wote. Hiyo haikuwa adhabu kwa yeyote kati yao. Walijikuta wakicheka zaidi ya kuimba, na katika mashindano, Nakhungu alipoingia peke yake na sauti ile nzito, watu wa nyuma walisimama wamwone. Kwaya ilishika nafasi ya pili.

Siku waliporudi, Amolo alisema, "Mwalimu, hata hedifoni hii ya pili imezidi kuwa nzuri. Nayo imezoea."

"Huenda," alijibu Mwalimu Absalom. "Labda zipo zinazobadilika kidogo zikichezwa, mimi si fundi. Lakini najua wewe sasa umeujua wimbo, na sikio linalojua hujazia lisichokisikia. Mazoea yana taabu, wanangu. Ukizoea sauti mbovu utaiona nzuri, na ukizoea uongo wako utauona kweli. Lornah alituharibia hedifoni kwa bahati mbaya, na hilo lingesameheka siku ile ile. Kilichotugharimu ni kulificha. Ukikosea, sema mapema. Na mgeni akikuonyesha kasoro, usicheke kabla hujapima."

Tangu hapo Nakhungu alikuwa akifika Otonglo kila Jumamosi, na Mama akamfanya mwonjaji wake mkuu. Alionja mitungi mingi, akasema kweli kila mara, akapewa ndizi. Muhula ulipokaribia kwisha, alinyoosha mkono kuchukua kikombe kama kawaida, lakini Mama akamzuia.

"Lornah, nenda uite mtu mwingine," alisema. "Huyu hafai tena. Si mgeni."