Zamu ya Sukari

Krr. Krr. Saa nane usiku spika ya mnara wa kuongoza ndege ilikohoa, na Muriel akainua kichwa. Ndege za kikosi zilikuwa bado juu ya bahari, zikirudi kutoka vitani Ujerumani. Hakukuwa na wa kumwita.

"Mnara, hapa Sukari. Naomba zamu ya kutua."

Akajibu. Kosa lake ndilo hilo, alijibu kwa mazoea, maana kila usiku kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, rubani anaita jina la ndege yake, yeye anampa zamu na kimo cha kuzungukia gizani wasije wakagongana, basi mdomo ukajiendea wenyewe: "Sukari, wewe wa kwanza. Shuka."

Beryl, aliyekuwa ubaoni na chaki, akageuka. "Sukari gani, wewe? Si imeisha tangu Jumanne?"

"Wewe hukusikia?"

"Nimesikia." Beryl akajaribu kucheka. "Labda ni vile vijini ambavyo marubani husema vinachezea nyaya za ndege."

Jumanne, Muriel mwenyewe ndiye aliyewaambia Sukari wasubiri futi elfu nne juu. Wakasubiri. Mafuta yakawaishia. Ndege ikaanguka na watu wake saba. Beryl akalifuta jina ubaoni kwa kitambaa chenye maji, wakaenda kunywa chai. Muriel hakulia. Tangu siku ile hata mkate hakuusikia ladha.

Nje, taa mbili mbili za uwanja ziliwaka, katikati yake lami tupu. Lakini magurudumu yalisikika yakikwaruza, kisha chumba kikajaa harufu ya mpira ulioungua.

Ndege za kweli zikaanza kuita. Ya kwanza Mfalme, na rubani wa Mfalme ni Wilf, baba wa mtoto aliyekuwa tumboni mwa Muriel mwezi wa tatu sasa, siri ya wawili hao tu.

"Mnara, hapa Mfalme. Tangi limetobolewa. Nina mafuta ya dakika kumi."

"Mfalme, shuka."

Wilf alikuwa keshafika juu ya lami spika ilipokohoa. "Hapa Sukari. Bado niko kwenye lami."

Marubani wote husikia redio moja. Wilf akaogopa kugonga, akapaa tena.

Afande Garside, mkuu wa mnara, akanyakua maikrofoni. "Mfalme, lami ni tupu! Tupu, unanisikia? Shuka!"

Wilf akazunguka, akarudi, taa zake zikashuka polepole juu ya mashamba, na Muriel akazitazama mikono ikiwa imetulia mapajani kama ya mtu mwingine, akihesabu dakika sita, tano, na ile harufu ikizidi kumkaa kooni, mpaka spika ikakohoa tena na sauti ikaja taratibu, karibu kabisa, kana kwamba mwenyewe amekaa chini ya meza:

"Bado nipo, dada. Hujaniambia pa kwenda."

Mfalme ikapaa. Injini moja kati ya nne ikakohoa, ikazimika.

Hapo Muriel akaelewa. Kila anayetua huambiwa aegeshe wapi, kisha huagwa. Huyu alipewa zamu tu.

"Nipe hiyo, afande."

"Utamwambia nini?"

"Anachongoja." Akaisogeza maikrofoni mdomoni. "Sukari, toka kwenye lami. Nenda maegesho yako, namba tisa. Chai ipo. Usiku mwema."

Spika ikakohoa: "Ahsante, dada. Usiku mwema."

Wilf akatua na injini tatu.

Alfajiri Garside alimchukua Muriel hadi namba tisa. Palikuwa patupu tangu Jumanne. Juu ya zege, oili nyeusi ilikuwa ikidondoka, tone moja, tone lingine, kutoka hewani, kwenye kimo cha injini. Muriel akanyoosha mkono pale juu. Palikuwa na joto.

Garside akaimwagia mchanga ile oili, akakaa akiitazama ikidondoka juu ya mchanga.

"Kwenye kitabu cha mnara sijaandika kitu," alisema. "Beryl nimeshaongea naye. Wilf je, utamwambia ya hapa?"

Muriel akaufuta mkono kwenye sketi, akauweka tumboni.

"Hapana, afande. Bado ana usiku wa kuruka; hata yeye simwambii."