Bunduki Katikati ya Magunia

Siku ya soko, pikapu ya Faustin ilijaa mapema pale Nyabiondo. Magunia ya maharagwe yalipakiwa kwanza. Juu yake vikaja vikapu vya mihogo, kuku waliofungwa miguu, na mwisho watu. Kila mmoja alitafuta gunia la kukalia. Emérita, mke wa Faustin, alikaa mbele na binti yao Gaëlle. Walikuwa wanakwenda Kalembe. Barabara ile ni mbaya, kila mtu anajua, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Katikati ya magunia, ndani ya blanketi, Faustin alikuwa ameficha bunduki ya kuwinda. Haikuwa ya wizi. Aliirithi kwa baba yake, karatasi zake zilikuwa sawa, na chifu alijua. Nguruwe-pori walikuwa wanamaliza mihogo ya Kalembe, shamba la Faustin na shamba la shemeji yake Dusabimana, kaka wa Emérita. Familia mbili zilitegemea mihogo ile.

Emérita alikuwa amemwona akiificha. Hakupenda.

"Papa Gaëlle, batu banakaa juu ya ile kintu," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Kwa bariyeri ya polisi bakiiona, batanisumbua," Faustin akajibu.

"Na risasi iko ndani?"

"Iko. Tukikutana na bezi benye silaha mu njia, nitaanza kutafuta risasi? Papa alikuwaka anabeba vile miaka yote."

Baba yake alikuwa na bahati, basi. Bahati hairithiwi pamoja na bunduki. Lakini gari lilikuwa limeshawashwa na watu walikuwa wanasubiri.

Walifika sokoni Kalembe salama. Abiria walishuka, wakajinyoosha migongo. Dusabimana alikuja kusaidia kupakua, kama alivyofanya siku zote. Alikuwa mtu wa nguvu na utani mwingi. Alimwambia Gaëlle kwamba amekuwa mrefu hata kuku wanamwogopa. Kisha akashika gunia la maharagwe na kulivuta kwake.

Gunia lilikuja na blanketi. Bunduki ile ni ya zamani, ina kinyundo nyuma, kile chuma kidogo kinachogonga risasi. Kamba ya gunia ilikuwa imekishika kinyundo. Dusabimana alipovuta, kinyundo kilirudi nyuma, kikateleza, kikagonga.

Ulisikika mlio mmoja. Huku kwetu mlio mmoja unatosha. Soko lote lilikimbia. Akina mama waliacha ndizi na chumvi, wakabeba watoto, wakaingia kwenye mashamba. Kila mtu alidhani vita imefika. Kwa hiyo Dusabimana alilala peke yake nyuma ya gari, akivuja damu mguuni, na hakuna aliyemwona. Emérita ndiye aliyesikia sauti ya kaka yake ikimwita. Alirudi mbio, akafunga mguu kwa kitenge chake, juu ya goti, akakaza kwa nguvu zote. Faustin alisimama tu. Emérita akampigia kelele awashe gari.

Hospitali ilikuwa mbali na njia ilikuwa tope. Dusabimana alipona, lakini mguu ulikatwa.

Watu wengi walikuja kumpa pole Faustin. Walisema ajali haina kinga. Mimi ninayeandika hadithi hii naukataa msemo huo mahali hapa. Ajali hii ilikuwa na kinga, tena kinga rahisi. Hakuna aliyeifanya, basi.

Polisi waliichukua bunduki, wakauliza maswali, na baadaye wakairudisha. Siku bunduki iliporudi nyumbani, Emérita alifunga nguo zake na za Gaëlle.

"Naenda kwa kaka yangu," alisema. "Sasa nani atamulimia shamba? Na mimi sitalala tena na ile bunduki mu nyumba moja. Mutoto wangu pia."

"Nitaiuza," Faustin akasema.

"Na nguruwe?"

Emérita akaondoka, na nyumba ikabaki kimya. Faustin alijifunza kupika ugali akiwa mtu mzima, na ugali wenyewe ulikuwa mbaya.

Baada ya majuma kadhaa alikwenda Kalembe kumwona shemeji yake. Dusabimana alikuwa amekaa mlangoni na magongo yake. Mbele yake shamba lilikuwa limechimbuliwa. Nguruwe walikuwa wamepita.

"Unaona?" Dusabimana alisema. "Zamani niliwafukuza na mbwa na kelele. Leo nawaangalia tu banakula."

"Shemeji, nirudishie Emérita. Bunduki nitaiuza."

"Ukiiuza, tutakula nini? Njoo uwapige. Lakini sikia. Dada yangu na mutoto habatapanda tena gari yenye ile bunduki namna ulikuwa unaibeba. Jifunze kwanza. Siku nitaona umejifunza, tutaongea. Kama haiko vile, dada yangu anabaki hapa."

Faustin aliona aibu, na ilistahili. Alirudi Nyabiondo, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake, Mama Tumukunde. Mama huyu alikuwa mlinzi wa mbuga ya wanyama kwa miaka mingi. Alibeba bunduki kila siku ya kazi, na hakuwahi kumjeruhi mwenzake. Sasa analima maharagwe kama sisi wote.

"Nilikuwa nakungojea," Mama Tumukunde alisema. "Leta ile bunduki. Risasi uziache kwako."

Faustin akaileta, akasema haina risasi. Mama Tumukunde aliichukua, akaelekeza mdomo wake ardhini, mbali na watu. Kabla ya neno lolote aliifungua, akachungulia ndani, kisha akaingiza kidole.

"Nimekuambia haina risasi," Faustin akasema.

"Umeniambia. Macho yangu haijaniambia. Kila muntu anayeishika anafungua na kuangalia, hata kama mwenzake ameangalia sasa hivi. Bunduki tupu njo inauaka batu, sababu hakuna mwenye kuiogopa."

Kisha akamwonyesha jambo ambalo Faustin hakuwahi kuona baba yake akilifanya. Aliitenganisha bunduki vipande viwili, bomba upande wake na kitako upande wake.

"Sasa piga," akamwambia.

"Haiwezi."

"Njo hivyo inapanda gari. Vipande mbili, mu sanduku ya mbao yenye kadena na funguo yake. Weka blanketi ndani isigongegonge. Sanduku unaikaza na bulo ya chuma mu sakafu ya gari, nyuma ya kabini, isitembee. Hakuna muntu kukaa juu yake, hakuna gunia kuilalia. Risasi ziende mbele, mu kopo ingine yenye kadena yake."

"Na bariyeri?"

"Unasimama. Mikono juu ya usukani. Unasema wewe mwenyewe, mbele ya kuulizwa: niko na bunduki ya kuwinda, imefungwa, karatasi ni hizi. Muntu anafichaka kintu ya wizi. Wewe hukuiba, sasa unafichia nini?"

"Na bezi, Mama? Njia hii haina amani."

Mama Tumukunde aliweka bomba na kitako chini. Alikuwa amezika wenzake kazini, na hakupenda kudanganya mtu.

"Ukisikia njia ni mbaya, bunduki isitoke. Ibaki nyumbani, imefungwa. Ile risasi moja yako haitashinda kundi ya batu benye silaha. Itafanya bakuue mbio. Wewe uliiweka risasi ndani sababu ya bezi. Ilimupata nani?"

Faustin aliinamisha kichwa. Alilia mbele ya jirani yake, na Mama Tumukunde alimwacha alie.

"Neno ya mwisho," alisema baadaye. "Funguo ya sanduku ukae nayo. Funguo ya risasi apewe bibi yako, Mama Gaëlle. Na siku umekunywa pombe ya kasiksi, usiguse hata kimoja."

Seremala alitengeneza sanduku. Faustin alilifunga kwenye gari kwa bolti, akaenda Kalembe, akamwita Dusabimana atazame. Dusabimana alizunguka gari kwa magongo yake. Alivuta kufuli. Alisukuma sanduku kwa gongo, halikutikisika. Aliuliza kila swali, na Faustin alijibu bila haraka. Kisha Faustin akampa Emérita ufunguo wa kopo la risasi. Emérita aliutazama kwa muda, akaufunga kwenye pindo la kitenge. Juma lile alirudi nyumbani na Gaëlle.

Bunduki ikafanya kazi yake shambani, na ikirudi nyumbani inafungwa. Nguruwe walipungua.

Msimu wa mvua ulipofika, walikuwa njiani tena kwenda Kalembe, wamejaa kama kawaida. Kwenye mteremko pikapu iliteleza. Matairi ya upande mmoja yaliingia mtaroni, na gari likalala ubavu polepole, watu na magunia wakamwagika topeni. Gaëlle alitoka kupitia dirishani. Mzee mmoja aliumia bega. Kuku wawili walikufa. Hakuna aliyepigwa risasi.

Habari zilifika Kalembe kabla yao. Dusabimana alikuja barabarani kwa magongo yake, tope likimfika kwenye goti lake moja. Hakumsalimu Faustin. Alimshika Gaëlle kichwa, mabega, mikono, mpaka akaridhika. Ndipo akasema:

"Fungua ile sanduku."

Faustin alifungua. Bomba na kitako vilikuwa vimelala ndani ya blanketi, kila kimoja mahali pake. Dusabimana aliinua bomba, akachungulia mbingu kupitia ndani yake. Lilikuwa tupu. Alilirudisha, akafunga kufuli mwenyewe.

"Mimi sijakusamehe bado, shemeji," alisema. "Kila asubuhi natafuta mguu wangu chini ya kitanda. Lakini huyu mutoto iko muzima. Endelea kufunga."

"Nitafunga," Faustin akajibu.

Kisha akaingia mtaroni pamoja na wengine, wakaanza kuinua gari.