Laini Yenye Jina la Mwanamke

"Huyu mwanamke ni nani?"

Kidoti hakusalimia. Alikuwa amesimama kando ya cherehani yake, simu sikioni, na gauni lake mwenyewe la harusi lilikuwa mezani likingoja pindo.

"Mwanamke gani tena, mpenzi?" Sauti ya Spana, mchumba wake, ilitoka nchi jirani.

"Wa hii namba uliyonipa nikutumie hela. Nimeandika kiasi, simu ikaniletea jina la mpokeaji. Jina la mwanamke, la baba yake na la babu yake. Nikaghairi."

"Mbona hiyo ni laini yangu!"

"Tangu lini umekuwa binti wa watu?"

Shangazi yake Kidoti, aliyekuja kusaidia maandalizi na kusikiliza yasiyomhusu, akaacha kushona vifungo.

"Muulize hiyo laini inasukia wapi nywele."

Spana ni fundi wa mashine za kusaga. Alivuka mpaka kwenda kuchukua gia ambayo mteja alikuwa ameshailipia. Kabla hajaondoka, Kidoti alimsihi abebe noti kiasi, nyingine aweke kwenye kadi ya benki, asitegemee simu peke yake. Spana akacheka. "Siku hizi nani anatembea na noti? Hela zote zimo humu." Alipovuka tu, laini ya nyumbani ikakosa mtandao, na hela zikabaki humo humo. Vijinoti vya mfukoni viliishia kwenye chakula. Mjuaji huyo!

"Laini nimeinunua kwa dada mmoja kituo cha basi," Spana alijieleza. "Ilikuwa imeshasajiliwa. Dukani kulikuwa na foleni, wanataka pasipoti, picha, alama za vidole. Nilikuwa na haraka."

"Dada mmoja. Mzuri?"

"Sikumwangalia!"

"Hukumwangalia, lakini jina lake umelibeba."

Akakata simu. Haukupita muda, ujumbe ukaingia: "Naomba uniamini. Nadaiwa chumba, mwenye nyumba ya wageni amezuia begi na gia. Nisipolipa leo nakosa basi, na Jumamosi ndiyo harusi yetu."

Kidoti akajibu: "Mwambie mwenye jina akulipie."

Alipokwisha kutuma, akakaa chini kwenye mabaki ya vitambaa akalia. Alimpenda yule mwanaume, tena sana, na hilo ndilo lililomuuma. Pesa aliyotaka kutuma ilikuwa jasho lake la kushonea watu sare na mapazia. Lakini pesa hutafutwa. Kuolewa na mtu mwenye mwanamke ng'ambo ya mpaka, hilo asingeliweza.

"Nimwambie mpishi asinunue nyama?" Shangazi aliuliza, safari hii kwa upole.

"Subiri kwanza, shangazi."

"Nisubiri nini, mwanangu?"

"Sijui. Subiri tu."

Simu ikaita. Namba ngeni. Kidoti akaiweka sauti ya juu ili shangazi naye asikie, maana angeuliza tu.

"Mwanangu, usikate," ilisema sauti nzito ya mama mtu mzima. "Mimi ndiye mwenye nyumba ya wageni. Mchumba wako amekaa kwenye ngazi zangu, analia."

"Silii!" Spana alidakia kwa nyuma.

"Analia. Nimemuuliza laini kaipata wapi, akaniambia. Nikamwambia, hebu kaweke kwa wakala hizo sarafu zako za chai tuone. Kaweka. Hata soda niliyompa hajamaliza, laini imezimika. Aliyemuuzia ameirudisha kwake, maana kwa mtandao ndiye mwenyewe. Sarafu zimekwenda naye. Wageni wanalizwa hivyo kila leo."

Kidoti akashika meza.

"Kwa hiyo ningetuma zile..."

"Ungekuwa umemtunza yeye hela za harusi yako."

Spana akapewa simu.

"Nisamehe," alisema Spana. "Uliniambia nibebe noti, nikajifanya mjanja."

"Na mimi nisamehe. Nilishakuozesha mwanamke mwingine."

"Wivu wako umetuokoa, Kidoti."

"Wivu wetu!" Shangazi akarekebisha. "Heri nusu shari kuliko shari kamili. Sarafu za chai ziende."

Kidoti akacheka, machozi yakiwa bado shavuni.

Mwenye nyumba ya wageni akachukua tena simu yake. "Sasa sikiliza. Usitume kwa namba ya mtu, hata yangu usiiamini. Nenda ofisi ya kutuma fedha nje, andika jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti. Atakwenda dirishani mwenyewe, na sura yake. Tuma nauli na deni langu, basi. Zaidi ya hapo atanunua laini nyingine, huyu namwona."

Wakacheka wote, hata Spana.

Ofisini hapakuwa na foleni. Kidoti akamtajia karani jina la Spana la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, huku simu ikiwa wazi mkononi na Spana akisikiliza upande wa pili kwa simu ya yule mama.

"Mpokeaji ni nani wako?" karani aliuliza.

Kidoti akaitazama simu mkononi. Asubuhi ile ile alikuwa karibu kuifuta harusi.

"Mume wangu."

"Umesema nani?" Spana aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umesikia."

Karani akainua macho. "Cheti cha ndoa mnacho?"

"Cheti ni Jumamosi. Wewe tuma tu, kaka yangu, nisije nikaolewa na kiti kitupu."