Faili Kubwa la Zamani

Kila siku akitoka shule, Kidole alipitia zahanati kwa mama yake mdogo, karani wa mapokezi. Jina hilo alipewa na mama mdogo mwenyewe, maana hakuna kitufe alichokiona asikibonyeze. Alifuta vumbi, akapanga kadi tupu za chanjo, kisha akaruhusiwa kukaa kwenye kompyuta mpaka saa kumi na moja.

Programu ya kuandikia chanjo za watoto ilikuwa ya kizamani, kompyuta mpya haikuikubali. Kwa hiyo fundi aliitengenezea kompyuta pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, ambayo diski yake yote ilikuwa faili moja kubwa. Miezi ya karibuni, kila Ijumaa mama mdogo alibonyeza kitufe cha kuhifadhi hali, yaani kompyuta ilivyo siku hiyo, na faili dogo jipya likaongezeka. Akalala usingizi wake, akijua ana akiba.

Jumatatu, programu ikiwa imeshafungwa, Kidole alitaka kuweka katuni, nafasi ikakosekana. Akaona lile faili kubwa la miaka miwili na madogo mapya chini yake. La zamani la nini tena, akajiambia, na mapya yapo? Akalifuta, na pipa la taka akalimwaga. Akaweka katuni mbili.

Asubuhi yake kompyuta ya ndani iligoma kuwaka. Nesi akasema labda nayo inadai chanjo, hakuna aliyecheka. Kidole alipoulizwa alisema hajagusa kitu. Jioni akaongeza katuni, na Jumatano tena, kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Kina mama wakajaa barazani, na hakuna aliyejua mtoto yupi amebakiza sindano ipi.

Alhamisi alifika fundi. Aliuliza nani amefuta faili. Kidole akaanza kulia kabla ya kujibu.

Fundi hakugomba. Alieleza kuwa yale madogo hayakuwa nakala. Kila moja liliandika yaliyobadilika tu. Bila lile kubwa ni viraka visivyo na nguo.

"Kilichofutwa hakiondoki siku hiyo hiyo, binti," alisema. "Hukaa palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ungesema mapema, ningeokoa karibu lote. Sasa katuni zako zimelikalia."

Alikuwa na nakala ya siku ya kwanza tu, programu tupu isiyo na mtoto hata mmoja, na viraka vya miezi ya karibuni havikushika juu yake.

Wakaanza upya, Kidole akisoma kadi walizokuja nazo kina mama, mama mdogo akichapa. Wengi walikuwa wamepoteza kadi. Mama mmoja alileta yake ikiwa bonge, ilifuliwa pamoja na nguo. Nesi akaigeuza, akasema hapana jinsi, mtoto ataanza sindano zote upya. Kilio cha mtoto kikasikika mpaka mapokezi.

Mama mdogo aliacha kuchapa.

"Mimi nina kosa langu, akiba niliiweka mlemle. Kuanzia Ijumaa hii nakala itatoka humu, ikae kwenye diski nyingine. Wewe kufuta ni kosa, lakini lingetengenezeka. Kilichotushinda, mwanangu, ni zile siku tatu ulizonyamaza."

Kisha akamwambia asome kadi inayofuata.