Njia ya Unywele Mmoja

Mshona mapazia alitoka nyumbani jua likizama, mfuko wa sufu kwapani. Kichanga chake alimwachia mama mkwe.

"Usikae huko kupiga soga," mama mkwe alimwambia. "Huyu akianza kulia, mimi sina ziwa la kumpa."

"Namalizia picha tu, mama. Narudi kabla hajaamka."

Alikuwa anajifunza kutengeneza picha za milima kwa sufu, kwa bibi mmoja aliyeishi peke yake nyuma ya maduka ya vitambaa. Kuitazama tu, kazi yenyewe haina la kutisha. Unatandika kitambaa kizito juu ya kipande cha godoro, unapanga sufu, unadunga kwa sindano yenye vijino. Vijino vinaivuta sufu ndani, inashikana. Unaanza na vya mbali, mbingu na milima, ndipo uje kwenye vya karibu. Yeye alikuwa ameshafika karibu: kinyumba, na mlangoni mwanamke aliyepakata mtoto, doa tu la sufu.

Bibi alikuwa na sharti moja. Kichwa kifungwe, unywele usiingie kwenye sufu.

Lakini chumba kilikuwa na joto, na mshona mapazia alikuwa na nywele nyingi, maringo zaidi ya nywele. Bibi alipokwenda kuchukua taa, akavua kitambaa. Unywele ukaanguka kwenye picha, ukajilaza toka chini ya kilima hadi mlangoni pa kinyumba. Mwembamba, mweusi, umepinda vizuri kama njia ya miguu.

Akauona unapendeza. Akaudunga.

Chok... chok... chok...

Utosi ukamchoma.

Bibi akarudi na taa, akainama juu ya picha.

"Njia hii ya uzi gani?"

"Unywele wangu, bibi. Mmoja tu."

Bibi hakumgombeza. Ni afadhali angemgombeza. Aliigeuza picha, akaanza kuchokonoa kwa nyuma.

"Kaa hapo, mwanangu," alinong'ona. "Usitoke mpaka niutoe. Ukitoka sasa, utaishika njia hii."

"Bibi, mtoto hajanyonya."

"Kaa."

Maziwa yalikuwa yamejaa, blauzi imelowa kifuani. Na hawa wa siku hizi, mkubwa akisema kaa, ndiyo kwanza wanatafuta ndala.

Akatoka.

Barabara ilikuwa kimya. Hakuna redio, hakuna baiskeli, hata mbwa. Ndala zake hazikulia. Kulikuwa na harufu... kama ya kondoo aliyenyeshewa. Njia ilikuwa nyembamba na nyeusi, na kila alipojaribu kukatiza pembeni, miguu ilimrudisha.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe ameketi, kampa mgongo.

"Mama, nimerudi. Amelia sana?"

Mama mkwe akamnyooshea mtoto kwa nyuma, bila kugeuka.

Mtoto alikuwa mwepesi. Mwepesi mno...

Mshona mapazia akajiegemeza ukutani.

Ukuta ukabonyea.

Akamshika mama mkwe bega, akamgeuza. Hakuwa na uso. Kwenye picha ndogo namna ile, nani anahangaika kudunga uso?

Alikimbilia nje, mtoto mkononi. Aliifuata njia, ikamrudisha mlangoni. Akaifuata tena. Mlangoni. Juu, mbingu ilikuwa karibu na ina manyoya. Ncha ya chuma ikaipenya, ndefu kama nguzo, ikapapasa ardhi mbele ya miguu yake, ikachokonoa, ikavuta. Utosi ukamwaka moto.

Tap.

Kutoka huko juu akasikia bibi akivuta pumzi.

"Umekatika," bibi akasema taratibu.

Sindano ikatoka. Haikurudi.

Halafu, nyuma ya mbingu, mbali, akamsikia mwanawe. Alikuwa analia kilio cha njaa, kile asichoweza kukikosea, na mama mkwe anambembeleza: "Nyamaza, mama anakuja. Anakuja sasa hivi."

Maziwa yakaanza kumtiririka yenyewe.

Na yule mtoto aliyempakata, asiye na uso, akageuza kichwa kifuani pake, akaanza kulitafuta ziwa.