Bi Keki Ameacha Soda

Lifti ilikuwa imekwama, na ukumbi wa chini wa jengo la maduka ulifurika watu wenye mikoba, watoto na hasira. Katikati yao alisimama msichana aliyevaa gauni la kijani na aproni aliyosahau kuivua. Mikononi alibeba keki ya ghorofa tatu, na kwapani alibana chupa ya soda isiyo na sukari.

"Fundi, inapona leo au tuizike?"

Fundi alichomoza kichwa kutoka ndani ya lifti. Alikuwa na ovaroli ya bluu, grisi shavuni, na tabasamu lisilo na haraka.

"Itapona, dada. Keki ya nani?"

"Ya bibi harusi wa ghorofa ya sita. Ikiyeyuka, atakayezikwa ni mimi."

Fundi alifuta mikono, akaipokea keki, wakapanda kwa ngazi. Katikati ya safari chupa ilimponyoka msichana, ikadunda ngazi kwa ngazi hadi ikapasuka.

"Pole kwa soda yako."

"Usijali, ninayo nyingine kwenye mkoba."

"Kumbe unazo mbili?"

"Hizo ni za asubuhi. Hazina sukari, kwa hiyo hazihesabiki."

Fundi alicheka mpaka keki ikatikisika.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Fundi alimwita msichana Bi Keki, naye akaitwa Fundi hata pale sauti ilipokuwa ya kunong'ona. Mapenzi yalikuwa yamekolea kampuni ilipompeleka Fundi mji wa mbali kufunga lifti za hospitali. Ikabaki simu.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekunywa."

"Soda tena. Siku moja nitarudi nikukute umegeuka povu."

"Utaninywa kwa mrija."

Jambo moja Bi Keki hakulisema. Wateja walikuwa wameanza kurudisha keki zake. "Tamu mno, dada, inakaba koo." Akionja yeye, aliona kama anatafuna karatasi. Ulimi wake ulikuwa umezoea utamu mkali wa soda zile, na wa vidonge vya utamu alivyotia kwenye chai badala ya sukari, hata sukari ya kawaida haikumwambia kitu. Mchana ukifika kabla hajafungua chupa, kichwa kilimpasuka.

Daktari alimuuliza anakunywa ngapi kwa siku. Alipotaja, daktari aliweka kalamu chini.

"Wewe, na maji je?"

Bi Keki alifikiri. Hakukumbuka.

Jioni hiyo alimwaga soda zote kwenye sinki, vidonge akavitupa. Mwili ukagoma. Kichwa kilimgonga, usingizi ukamwangusha mapema, harufu ya vanila ikamchefua. Simu nyingine za Fundi zilimkuta ameshalala.

Fundi alirudi bila kumwarifu mtu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kwenye mfuko wa kifuani kulikuwa na pete. Duka la keki lilikuwa limejaa. Shoga wa Bi Keki, aliyekuwa akiuza kwenye kaunta, alimwona akaangua kicheko.

"Shemeji, kwani hujui? Mwenzio kajilaza nyuma, juu ya magunia ya unga. Asubuhi kichefuchefu, mchana usingizi. Soda kaacha ghafla, hataki hata kuiona. Juzi kala limau zima na chumvi." Akakonyeza. "Hongera."

Fundi alihesabu miezi aliyokuwa mbali. Akapita kaunta, akaingia nyuma.

Bi Keki alifumbua macho akamwona, uso ukamchangamka. "Mpenzi, umekuja lini?"

"Mimba ni ya nani?"

Alidhani bado anaota. "Mimba gani?"

"Usinifanye mtoto. Muda wote huo sikuwepo."

Bi Keki aliinuka taratibu, unga mgongoni. Alimtazama kama anayemtafuta mtu fulani usoni pale asimpate.

"Hukuniuliza naumwa nini," alisema. "Umeniuliza ya nani. Toka."

Jioni shoga wa kaunta alimpigia Fundi simu. "Shemeji, mdomo wangu umeniponza. Nimembana mpaka kasema. Hana mimba. Ulimi wake ulikuwa umekufa, akawa anaficha. Ameacha soda tu."

"Soda?"

"Soda."

Fundi alikaa kitako pale pale barabarani.

Alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Mwisho wa wiki akajikaza, akaenda nyumbani kwa mama yake Bi Keki. Alimkuta mama sebuleni akifuma sweta dogo la manjano.

"Karibu, mkwe. Mbona umekonda? Mwenzio naye tumbo bado halijaonekana."

Bi Keki alitokea jikoni. "Mama, hata wewe?"

"Mimi nimefanyaje? Unalala kutwa, unakula malimau. Nimeshamwambia shangazi yako. Na baba mdogo."

"Mama, nimeacha soda."

Mama aliliangalia sweta, akamwangalia binti, akamwangalia Fundi. "Yaani hakuna mtoto hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama aliziweka sindano mezani polepole, akaingia chumbani na simu yake kwenda kufuta habari.

Wakabaki wawili.

"Nimekuja kuomba radhi," Fundi alisema. "Nilisikia neno nikaruka nalo."

"Mama naye aliruka. Lakini yeye aliruka kwa furaha."

Fundi aliinamisha kichwa. "Kwa nini hukuniambia unaumwa?"

"Niliona aibu. Mwokaji asiyesikia utamu, nani atamnunulia keki?"

"Naomba nikuulize jambo."

"Leo unauliza?"

"Leo nauliza kwanza." Jasho lilikuwa limelowesha kola yake. Pete hakuitoa. "Utakubali nikuoe?"

Wiki nzima Bi Keki alikuwa ameliandaa jibu la siku Fundi atakapotokea, amelinoa likanoleka. Lilikuwa hapana. Alifungua mdomo alitoe.

"Ndiyo," alisema, akashtuka kuliko mtu yeyote.

Kule chumbani sauti ya mama ilikatika ghafla. Kisha ikasikika tena, ya chini, yenye haraka.

"Wifi, hebu ngoja. Usifute kwanza."