Mkate wa Mnyongaji

Mara ya kwanza Odile alidhani ni mumewe. Mkate ulikuwa mezani umepinduliwa, na pale Morvières hata mlevi hauweki hivyo: zamani mwokaji aliupindua mkate wa mnyongaji ili mwingine asiuguse. Akaugeuza, akauchora msalaba kwa ncha ya kisu, akarudi kwenye viazi vyake. Alipoinua macho ulikuwa umepinduka tena, na jiko zima linanuka sufu ya kondoo iliyolowa.

"Firmin, sisi hatufugi kondoo," alinong'ona.

"Fungua dirisha, basi."

"Ni Léonce. Usijifanye humjui."

Alimjua. Babu wa babu yake Firmin alihamisha jiwe la mpaka, chemchemi ikaangukia kwa kina Aubrac, ukoo wake, na kondoo wa Léonce wakafa kwa kiu. Mchungaji yule alichoma ghala lao kwa hasira, akanyongwa. Kina Aubrac waliendelea kunywa maji yake bila haya.

Padri Anselme alikuja na maji ya baraka. Hajamaliza kunyunyiza, wakasikia chini ya sakafu kitu kizito kikiburutwa, polepole, kuelekea chumba alicholala Colette, mtoto wao mchanga.

"Maji yangu hayawezi kazi hii," padri alisema kwa sauti ndogo. "Rudisha jiwe lilipokuwa."

"Na ng'ombe wangu wanywe nini, Padri?"

"Firmin, nakuomba," Odile alisema. "Mtoto wangu yumo humu ndani."

Firmin akawasha trekta. Alilisogeza jiwe hatua chache tu, chemchemi ikabaki upande wake, akalifukia vizuri. "Maiti hajui kupima shamba," akajichekea.

Mchana ule mkate ulitulia. Harufu ilikwisha, na Odile akacheka kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze. Alikuwa akimkatia mumewe kipande cha pili aliposikia ule mburuto, safari hii si chini ya sakafu bali chumbani, ukapita kando ya kabati, ukafika kwenye susu ya mtoto, ukanyamaza, naye akakimbia kisu kikiwa bado mkononi, harufu ya sufu ikimkaba koo kabla hajaufungua mlango.

Colette alikuwa amepinduliwa, uso ndani ya mto. Mwili ulikuwa umekwisha poa.

Odile alimgeukia mumewe aliyesimama mlangoni.

"Firmin," aliuliza taratibu, "lile jiwe umeliweka wapi?"